Usihakiki kila kazi mara mbili
Anayebuni mfumo wa kugawa hesabu kwa kompyuta za watu wanaojitolea hana budi kukubali kwamba baadhi ya majibu yatarudi na makosa, na mengine hayatarudi kabisa. Njia iliyozoeleka, yaani kutuma kila kazi kwa kompyuta mbili na kulinganisha majibu, hula nusu ya nguvu uliyopewa bure. Ni afadhali kufuata utaratibu uliomo katika BOINC, mfumo wa kugawa hesabu kwa kompyuta za wanaojitolea: kompyuta ikishatoa majibu sahihi mfululizo, ipewe kazi peke yake, ila mara mojamoja, bila mpangilio unaotabirika, kazi hiyo itumwe pia kwa nyingine ili ihakikiwe. Programu nayo ihifadhi hatua iliyofikia kila baada ya dakika chache, kwa kuwa mwenye kompyuta huizima apendapo, wala haagi.