Namna ya Kuokota na Kuchunguza Unywele wa Ushahidi
Vaa glavu mpya, uokote unywele kwa kibano safi bila kuuvuta, kisha uufunge katika karatasi iliyokunjwa na kuitia ndani ya bahasha yenye tarehe, mahali na saini yako. Mfuko wa plastiki hutunza unyevu, nao unyevu huharibu DNA, yaani chembe za urithi.

Maabarani, anza na hadubini. Chini ya magamba ya nje kuna tabaka nene lenye rangi, na katikati yake uboho, yaani sehemu ya ndani kabisa ya unywele. Upana wa uboho wa binadamu kwa kawaida haufikii theluthi moja ya upana wa unywele, ilhali kwa wanyama wengi huzidi nusu. Kisha tazama mzizi, ambao kwangu ndio hazina: ukiwa bado na tishu, DNA ya kiini cha seli yaweza kupatikana, tishu zisipokuwapo, mara nyingi hutegemewa DNA ya mitokondria (visehemu vya seli vinavyozalisha nishati), ambayo ndugu wa tumbo moja kwa kawaida huwa nayo sawa, hivyo haimtambulishi mtu mmoja pekee.

Usiandike kamwe kwamba nywele mbili ni za mtu mmoja kwa sababu tu zimefanana kwenye hadubini. Mwaka 2015, FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, ilikiri kwamba angalau asilimia 90 ya kumbukumbu za kesi ilizozipitia zilikuwa na kauli potofu za wataalamu wake wa nywele.