Somo: Kudai mkataba wa barabara na hesabu ya tembo

Somo hili ni la wanachama wa vijiji vinavyopakana na hifadhi, maana huko malalamiko mawili hukutana kwenye mkutano mmoja wa kijiji: barabara iliyotengenezwa juzi haipitiki, na tembo tunaoambiwa wamepungua wamelala kwenye mahindi. Tumezoea kusimama na kuuliza, "Fedha zimekwenda wapi?" Watu hupiga makofi, afisa anajibu dakika kumi bila kusema kitu, mkutano unafungwa kwa sala. Mimi nasema acheni hilo swali kwa muda. Ulizeni kipimo: kiliandikwa nini, kilipimwaje, nani alisaini.

Nazungumzia Tanzania Bara. Wa Kenya nimewajibu chini.

Hatua ya 1. Jua barabara ni ya nani

Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania. Barabara za wilaya, za mijini na za vijijini ni za TARURA, wakala ulioanza kazi Julai 2017 chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa. Ukikosea hapa, barua yako itazunguka masjala hadi msimu wa mvua upite. Fedha za matengenezo za wakala zote mbili hutoka kwa sehemu kubwa Mfuko wa Barabara, na mfuko huo hulishwa na tozo ya mafuta. Bajeti ya 2021/22 iliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za TARURA. Kwa hiyo kijana wa bodaboda anayejaza lita mbili asubuhi ana haki ya kuuliza sawasawa na mbunge.

Hatua ya 2. Jua ni matengenezo gani

Kuna matengenezo ya kawaida (kuchonga kwa greda, kufyeka, kusafisha mitaro), matengenezo ya sehemu korofi (vipande vibaya tu ndani ya barabara ndefu), na matengenezo ya muda maalum, ambapo barabara inawekwa changarawe upya. Nusu ya ugomvi ninaousikia unatokana na kutojua hili. Kibao kinasema barabara ina kilomita 18, watu wanadhani zote 18 zitamwagwa changarawe, kumbe mkataba ulikuwa wa sehemu korofi na jumla yake haifiki kilomita tatu. Hapo hakuna aliyeiba, ila hakuna aliyewaeleza wananchi pia, na hilo nalo ni kosa la ofisi.

Hatua ya 3. Omba BOQ

Hii ndiyo hatua yenyewe, nyingine zote ni wasindikizaji. BOQ ni orodha ya kila kazi ndani ya mkataba: kazi gani, kiasi gani, bei gani kwa kipimo kimoja. Anza na NeST, mfumo wa manunuzi wa mtandaoni, ambao tangu Oktoba 2023 ndio taasisi za umma zinatakiwa kuutumia kwa manunuzi. Humo utapata tangazo la zabuni na aliyeshinda. BOQ yenyewe utaiomba kwa barua, chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Na. 6 ya 2016. Taasisi ina siku 30 za kukujibu. Andika hivi, usirembe:

*Kwa Meneja wa TARURA, Wilaya ya …*
*YAH: OMBI LA TAARIFA KUHUSU MATENGENEZO YA BARABARA YA …*
*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni raia wa Tanzania, mkazi wa kijiji cha … Kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, naomba nakala za: (1) mkataba wa matengenezo ya barabara tajwa kwa mwaka wa fedha …, (2) BOQ ya mkataba huo, (3) hati za malipo zilizoidhinishwa hadi sasa pamoja na vipimo vya kazi vilivyoambatanishwa, (4) tarehe ya mwisho ya muda wa uangalizi.*

Peleka nakala mbili. Moja wanabaki nayo, ya pili wakugongee muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri huo, hutaweza kuthibitisha siku 30 zimeanza lini. Wanaweza kukutoza gharama ya kurudufu. Lipa, chukua risiti. Wakikataa au wakinyamaza, omba mapitio kwa mkuu wa taasisi, na baada yake kwa Waziri. Na tafadhali, barua iwe ya adabu. Nimeona barua zenye matusi kwenye aya ya kwanza; zinampa mtu sababu ya kuzitupa.

Hatua ya 4. Piga hesabu kabla ya kwenda barabarani

Tuchukue BOQ inayosema: changarawe, kilomita 1, upana mita 5, unene sentimita 15 baada ya kushindiliwa. Mita 1,000 mara 5 mara 0.15 ni mita za ujazo 750. Tipa linalobeba mita za ujazo 10 litahitaji safari 75, na kwa kweli zaidi, kwa sababu changarawe ya kwenye tipa bado haijashindiliwa. Sasa muulize mama anayeuza uji pale machimbo, aliyeona tipa zikipita: zilikuwa nyingi au chache, na zilipita siku ngapi? Hana haja ya idadi kamili. Kama anakumbuka tipa moja lililofanya kazi siku mbili tu, una swali zito la kupeleka ofisini.

Makalavati hesabu moja moja. Mitaro pima kwa kamba. Piga picha zenye kitu cha kulinganisha ukubwa, na andika tarehe. Unene wa changarawe usiupime kwa kuchimba barabara, kwani kuharibu barabara ni kosa kisheria na utakuwa umewapa silaha. Omba mhandisi aje mpime pamoja. Akikataa kuja, andika kwamba mlimwomba tarehe fulani akakataa.

Hatua ya 5. Peleka tofauti mahali pake

Kwanza meneja, kwa maandishi. Kama muda wa uangalizi haujaisha, mkandarasi anawajibika kurekebisha kasoro kwa gharama zake, na mara nyingi sehemu ya malipo yake bado imeshikiliwa. Ndiyo maana tarehe ile ya kipengele cha nne kwenye barua ina thamani kuliko hotuba. Halafu diwani, ili suala liingie Baraza la Madiwani. Kwa barabara za mkoa, mbunge alibebe hadi kikao cha Bodi ya Barabara ya Mkoa. TAKUKURU (namba 113 ni ya bure) nenda ukiwa na dalili za rushwa. Kazi mbovu peke yake haitoshi kuwa kesi ya rushwa.

Na kila Aprili, ripoti za CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) zinapowasilishwa bungeni, tafuta jina la wakala na la halmashauri yako. Katiba, ibara ya 143, ndiyo inayomtaka akague na kutoa ripoti. Zipo kwa Kiswahili.

Hatua ya 6. Upande wa wanyama: omba namba pamoja na ±

Hesabu za wanyamapori hufanywa na TAWIRI, taasisi ya utafiti yenye makao Arusha. Kwa tembo wa maeneo makubwa, ndege ndogo hupita mistari iliyonyooka, waangalizi wa kulia na kushoto huhesabu wanyama walio ndani ya ukanda uliopimwa, kisha hesabu hiyo hutumika kukadiria eneo zima. Ni makadirio, na kila makadirio mazuri huja na alama ya ± ikionyesha yanaweza kuyumba kiasi gani. Namba ikitangazwa bila ±, ni sawa na BOQ isiyo na vipimo.

Mfano ninaoupenda ni Ruaha-Rungwa. Mwaka 2013 makadirio yalikuwa tembo 20,090. Mwaka 2014 yakawa 8,272. Watu wakashtuka, tembo wakahesabiwa tena 2015, yakaja 15,836. Mwanasiasa mmoja angeweza kusema wamekwisha, mwingine akasema wameongezeka maradufu kwa mwaka mmoja. Tembo hubeba mimba miezi 22; hawaongezeki maradufu kwa mwaka hata wakiombewa. Sasa tazama ±: ya 2014 ilikuwa 1,652, ya 2015 ilikuwa 4,759. Kanuni ya haraka ni kuzidisha ± mara mbili kila upande. Ya 2014 inakuwa kati ya 4,968 na 11,576. Ya 2015 kati ya 6,318 na 25,354. Zinaingiliana. Huwezi kusema kwa uhakika kwamba idadi ilipanda. Lakini ya 2013, yenye ± 3,282, inaanzia 13,526, na haigusani na ya 2014. Hapo kuna swali halali la kumuuliza mtu.

Linganisha na Selous. Makadirio yalikuwa 38,975 mwaka 2009 na 13,084 mwaka 2013. Huko panua wigo kwa ukarimu wote ulionao, tembo waliopungua hawaonekani. Ujangili ulikuwa umewapunguza vibaya, na Juni 2014 UNESCO iliiweka Selous kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Kwa nchi nzima, Serikali yenyewe ilitangaza mwaka 2015 kwamba tembo walikuwa wameshuka kutoka 109,051 mwaka 2009 hadi 43,330 mwaka 2014. Namba zile zilichukiwa na wengi, lakini ndizo zilizofanya mjadala wa ujangili usiweze kufunikwa.

Kwenye barua ya TAWIRI au Wizara ya Maliasili omba: ripoti kamili ya hesabu, ramani ya eneo lililohesabiwa, msimu, ±, na idadi ya mizoga iliyoonekana. Mizoga watu huisahau. Ukigawa mizoga kwa jumla ya tembo hai na waliokufa, uwiano unaozidi asilimia 8 huchukuliwa kuwa dalili ya idadi inayoshuka. Ramani nayo ni muhimu: sehemu kubwa ya Selous ilikatwa mwaka 2019 kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, kwa hiyo mtu akikupa namba ya "Selous" leo, muulize ni Selous ipi.

Kitu kimoja msiombe: mahali walipo faru. Hilo hufichwa, na kwa hili niko upande wa wanaoficha.

MASWALI YA WANACHAMA

Kilosa: Mwalimu, greda lilipita mwezi wa Mei, mvua za kwanza zimechukua kila kitu. Huo si wizi?

Huenda ndiyo, huenda siyo. Kuchonga barabara ya udongo hakudumu kama maji hayana pa kwenda. Angalia BOQ: mitaro na michirizi ya kutolea maji ilikuwemo? Kama ilikuwemo na haikuchimbwa, mkandarasi na aliyesaini malipo wajibu. Kama haikuwemo kabisa, mkandarasi hana kosa. Muulizeni aliyeandaa kazi ofisini. Wengi humvamia mkandarasi na kumwacha huyu wa pili akinywa chai.

Ifakara: Nimeambiwa mkataba ni siri ya mkandarasi.

Sheria inalinda siri za kibiashara, sawa. Lakini urefu wa mtaro si siri ya mtu. Waandikie tena kwamba kama kuna kipengele cha siri wakifiche na watoe kilichobaki, na wataje kifungu wanachotegemea. Kukataa kwa mdomo usikukubali; kunapaswa kuwa kwa maandishi na kuwe na sababu.

Namtumbo: Shikamoo. Huku tembo wanaingia mashambani kila usiku, wanatuambia wamepungua. Nani anadanganya?

Marahaba. Inawezekana asiwepo hata mmoja. Hesabu ni ya mfumo ikolojia mzima, nanyi mnaona kipande chenye maji na mahindi. Tembo wachache waliojifunza ladha ya shamba wanatosha kuwanyima usingizi kijiji kizima. Ila msikubali namba ya hifadhi iwe jibu la shamba lililoliwa. Hayo ni madai mengine: kila tukio lipelekwe kwa mtendaji wa kijiji na afisa wanyamapori wa wilaya mapema, tathmini ifanyike mabaki yakiwa bado yapo, na mbaki na nakala ya fomu ya kifuta jasho, yaani malipo ya pole kwa mazao yaliyoliwa. Baada ya miezi sita, daftari la kijiji lenye tarehe, ekari na idadi ya tembo walioonekana litawasaidia kuliko kubishana na TAWIRI.

Tunduru: Tukitangaza hesabu zetu wenyewe, si tutakamatwa kwa sheria ya takwimu?

Hofu hiyo ina chanzo. Marekebisho ya 2018 ya Sheria ya Takwimu yalileta adhabu kwa kuchapisha takwimu bila kibali. Mwaka 2019 yakarekebishwa tena na makali hayo ya jinai yakaondolewa. Hata hivyo msiite hesabu yenu "rasmi". Andikeni: hii ni rekodi ya kijiji, tulihesabu sehemu hii, kwa njia hii, tarehe hizi. Na msiingie hifadhini kuhesabu bila kibali.

Voi: Sisi wa Kenya je?

Mna nafasi nzuri zaidi. Ibara ya 35 ya Katiba yenu inawapa haki ya taarifa, na sheria ya 2016 inaipa ofisi siku 21. Wakigoma, nendeni kwa Tume ya Haki ya Utawala. Barabara za vijijini anzieni KeRRA (mamlaka ya barabara za vijijini) au kaunti, kulingana na aina ya barabara. Tozo yenu ya mafuta ilipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita Julai 2024, itajeni kwenye barua. Kwa wanyama, sensa ya kitaifa ya 2021 ilitoa tembo 36,280. Ombeni sura ya Tsavo badala ya jumla ya nchi.

Mugumu: Kuna aliyewahi kushinda mahakamani kwa mambo haya?

Ndiyo, tena jirani na kwenu. Shirika la Kenya la kutetea wanyama, ANAW, lilifungua kesi mwaka 2010 katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, kupinga barabara ya lami kupita kaskazini mwa Serengeti. Juni 2014 mahakama ikazuia lami hiyo. Kesi ilichukua miaka na wanasheria, kwa hiyo isiwe hatua yenu ya kwanza. Kwa barabara ya kijijini kwenu, nendeni Jumatatu mkapate ule muhuri.