Dodoma kwa Mwisho wa Juma
Dodoma inafaa kwa mapumziko ya siku mbili, mradi usiifananishe na Dar es Salaam. Kata tiketi ya treni ya SGR mapema, kwani tangu mwaka 2024 imeifanya safari ya kutoka Dar es Salaam kuwa ya saa chache tu. Jumamosi nzima itengee michoro ya miambani ya Kolo, wilayani Kondoa, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006: ondoka alfajiri, tafuta mwongozaji hapo hapo Kolo, kisha kwea kilima hadi penye miamba ambako watu wembamba kama vijiti wamechorwa kwa rangi nyekundu. Mji wenyewe, ambao kusema kweli ni wa ofisi zaidi, unatoshelezwa na Jumapili asubuhi: Msikiti wa Gaddafi, kisha zabibu sokoni.