Namna ya Kuandika Hadithi ya Watoto Kuhusu Ndugu Wanaokua Katika Dhiki

Waandishi wengi wanaotaka kusimulia habari za ndugu walioshikamana wakati wa shida huanza kwa kuitafuta shida yenyewe, iwe ni kifo, vita, njaa au ulevi wa mzazi. Ningeshauri uanze kwingine. Kabla hujaamua masaibu yatakayowapata, mwandikie kila mtoto jambo moja analolitaka kwa ajili ya nafsi yake, lisilowahusu ndugu zake hata kidogo. Kifungua mimba, kwa mfano, anatamani kurudi shuleni, ilhali kitinda mimba hataki kubanduka mahali walipoachwa, kwa sababu anaamini kwamba mama atarudi papo hapo kuwatafuta. Uaminifu wao utaonekana pale tu mmoja atakapolazimika kuachilia alichokitamani ili mwingine asiangamie, kwani mtoto asiye na cha kupoteza huwa anafuatana na wenzake tu.

Hatua inayofuata ni kuwaondoa watu wazima kwa sababu inayoaminika. Hili lina uzito kuliko linavyodhaniwa. Katika hadithi ya Hansel na dada yake Gretel, kama ndugu Grimm, wakusanyaji wawili wa ngano za Kijerumani, walivyoichapisha mwaka 1812, anayeshauri watoto watelekezwe msituni ni mama yao mzazi. Katika toleo la mwaka 1840 amekwisha kuwa mama wa kambo. Mabadiliko hayo humpunguzia msomaji mdogo uchungu, lakini huondoa pia swali zito ambalo ndugu wangeulizana gizani: je, mama alitupenda? Unaweza kulainisha jambo kwa ajili ya umri wa wasomaji wako, mradi ujue unachokitoa.

Hadithi hiyohiyo inafundisha namna ya kuonyesha ukuaji bila kuutangaza. Mwanzoni Hansel ndiye anayepanga kila kitu, akidondosha vijiwe njiani huku akimtuliza dada yake anayelia. Baadaye, yeye akiwa amefungiwa na mchawi waliyemkuta msituni, ni Gretel anayemsukumia mchawi huyo tanuruni. Wanapofika kwenye maji makubwa wakiwa njiani kurudi nyumbani, Hansel anampanda bata na kumwita dada yake akae pamoja naye, na Gretel anakataa, akisema kwamba bata ataelemewa, hivyo wavuke mmoja mmoja. Maneno hayo machache yanatosha. Pitia rasimu yako na uandike pembeni mwa kila sura ni nani aliyekata shauri. Ukikuta jina lilelile tangu mwanzo hadi mwisho, hakuna aliyekua.

Pendo lenyewe lifichwe ndani ya matendo. Tuseme dada wa miaka 12 anamwambia mwalimu kwamba mama yao amesafiri, ilhali mama amelala ndani na hajainuka kitandani kwa siku kadhaa. Mdogo wake wa miaka 7, ambaye kurasa chache nyuma alikuwa akimsuta dada huyo kwa uongo mdogo, amesimama kando akisikiliza. Mwandishi mwenye haraka ataandika kwamba mtoto alimshika dada yake mkono kwa upendo. Afadhali mwalimu amgeukie mtoto na kumwuliza mama aliondoka lini, mtoto aangalie kamba za viatu vyake, kisha ajibu: “Jumapili. Alibeba sanduku la bluu.” Sasa mtoto amekwisha kuongeza uongo wake juu ya ule wa dada, na siri imekuwa yao wote wawili. Wakiwa njiani, dada asimshukuru. Amkaripie, kwa kuwa sanduku la bluu liko uvunguni mwa kitanda, na yeyote atakayekuja kuwajulia hali ataliona.

Usiogope kuwagombanisha. Wahenga walisema kwamba ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune, na mwandishi anaweza kuitegemea hekima hiyo: ugomvi wa ndugu huchukua muda mfupi, lakini ukiwaka huchoma, kwa sababu kila mmoja anajua mahali mwenzake panapomuuma. Wape neno moja lisilosameheka kwa urahisi, lisemwe na yule aliyechoka zaidi, na upatanisho uje kupitia kazi ambayo hawawezi kuifanya mmoja bila mwenzake. (Kuombana radhi kwa hotuba ndefu ni tabia ya watu wazima.)

Kuhusu dhiki yenyewe, iandike kwa kimo cha mtoto. Mtoto hasemi kwamba familia imefilisika. Huona kwamba dada ameanza kusema ameshiba kabla sahani haijafika kwake.

Mtu mzima mwema akitokea mwishoni, asipewe kazi ya kutatua kila jambo. Mwache aondoe mzigo mmoja tu, kisha umwonyeshe dada akishindwa kuutua: anaulizwa swali na mdogo wake, anafungua kinywa kujibu kama alivyozoea, na mdogo anakuwa amekwisha kujijibu.