Kufundisha ubongo wa mtoto unavyoanza kukumbuka, kwa chaki na makofi tu

Walimu wenzangu wa bayolojia mlioko Wete, Chake, Mkoani na huko Unguja pia, mada hii watu wengi wanairuka kwa sababu wanaona haifundishiki bila ya maabara. Inafundishika jamani, tena uwanjani, unachotaka ni chaki, kitambaa cha kumfunga mtu macho, karatasi kidogo na wanafunzi kama 15 hivi.

Kwanza wape asili yake, dakika chache tu usirefushe. Mwaka 1971 John O'Keefe na mwenzake Dostrovsky, wako London, walikuta seli kwenye hipokampasi ya panya (sehemu ya ubongo ya kumbukumbu na ya kujua uko wapi) ambazo zinapiga umeme panya akifika pahala fulani tu, akitoka pale zinanyamaza, hizo ndo seli za pahala. Kuna nyengine hazijali uko wapi, zinajali kichwa kimeelekea wapi, hizo ndo seli za mwelekeo. Halafu 2005 timu ya May-Britt na Edvard Moser kule Norway ikatangaza seli za gridi, hizi seli moja inapiga pahala pengi, na ukipaunganisha unapata pembetatu zilizolingana sakafu nzima. 2014 O'Keefe na hao wawili wakapewa Nobel. Sasa swali la somo ni hili, kitoto cha panya kinazaliwa nazo zote au zinakuja moja moja? Mwaka 2010 ndo timu mbili, ya London na ya Norway, zikatoa majibu yao, na jibu ni kwamba zinakuja kwa zamu, na hiyo zamu ndo tunayoicheza.

Chora mraba mkubwa uwanjani, upande mmoja uwe ukuta wa kweli wa skuli, pembeni yake ukipata ukuta wa pili bora zaidi. Mwanafunzi mmoja awe panya, wengine ni seli, kupiga umeme ni kupiga kofi. Mmoja ashike karatasi iliyochorwa mraba, kila kofi likilia aweke nukta pale alipo panya. Raundi mpya karatasi mpya.

Raundi ya mwanzo ni siku ya 12 tangu kitoto cha panya kizaliwe, na siku zote zinazofata zinahesabiwa hivyo hivyo. Macho ya kitoto cha panya yanafunguka siku ya 14 au 15, kwa hiyo panya wako mfunge kitambaa. Chukua seli nne za mwelekeo, mmoja wa kibla, mmoja wa kusini, wawili mashariki na magharibi (kibla kwetu ni kaskazini, hapo hakuna atakayebishana). Panya azunguke zunguke, kila akisimama aseme kwa sauti anadhani kaelekea wapi na seli zimfate yeye, sio zinachokiona. Mwanzo atapata, baada ya kuzunguka kidogo atakuwa anasema kibla na kaelekea baharini. Ndo ilivyo kweli, seli za mwelekeo zipo kabla ya macho kufunguka lakini zinateleza. Kisha mpeleke kwenye kona aguse kuta mbili, utaona anatulia, na vitoto vya panya pia vikiwekwa kwenye kisanduku kidogo wanachokigusa kona zake mwelekeo unatulia.

Raundi ya pili, siku ya 16, fungua kitambaa. Kila seli mpe pahala pake. Walio karibu na ukuta au mstari wa pembeni wapige sawasawa, walioko katikati waambie wakosee kosee, mara wawahi hatua moja mara wachelewe mara wasipige kabisa. Hapa usikimbilie, hii sheria sio ya kuchangamsha mchezo, ndo kitu kilichoonekana: kabla gridi hazijakaa sawa, seli za pahala zinakuwa makini zaidi pembeni kuliko katikati.

Raundi ya tatu, siku ya 20 au 21. Tia alama za chaki za pembetatu mraba mzima, mwanafunzi mmoja awe seli ya gridi, apige kofi kila panya akikanyaga alama, na kuanzia sasa wale wa katikati ruhusu wapige sawasawa. Mimi naona hapa ndo kiini cha somo lote. Watu walizoea kufikiri gridi ndo inayojenga seli za pahala, sasa waulize wanafunzi, kama pahala pametangulia na gridi imekuja nyuma, gridi inafanya kazi gani? Wakae wabishane, wasipewe jibu haraka, wenye akili watakwenda kuchukua karatasi ya raundi ya pili na ya tatu waziweke pamoja wenyewe.

Raundi ya nne ni usingizi. Panya apite njia moja iliyonyooka kwenye seli tano, zipige kwa mpangilio, halafu akae chini afumbe macho na zile tano zirudie mpangilio ule ule zenyewe, haraka haraka. Hivyo ndo ubongo unavyoipitia njia iliyokwisha pita. Lakini fanya mara mbili: siku ya 15 au 16 kila seli ilie peke yake bila ya mnyororo, siku ya 23 au 24 mnyororo kamili, maana uwezo huo wa kurudia kilichotokea unachelewa kuliko yote.

Wataanza kukuuliza na mtu je. Waulize wao kitu cha mwanzo wanachokikumbuka utotoni, wengi watataja umri wa miaka mitatu na zaidi, ndivyo ilivyo kwa watu wengi. Ila usiwaache wageuze siku za panya kuwa miezi ya mtoto wa binaadamu, hesabu hiyo haipo, kinachofanana ni kwamba hipokampasi inakomaa baada ya kuzaliwa sio kabla.

Mwisho kama mliandika siku za umri kwenye karatasi zile zifute, zichanganye, wape darasa jengine ambalo halijacheza wazipange kwa umri na kila mmoja aandike sababu mbili.