Kuahirisha kwa Kiingereza bila kumpotosha mwenzako

Kiswahili kina kitenzi kimoja kinachobeba mzigo wote: kuahirisha. Kikao kisichoanza huahirishwa, na kilichoanza kikakatizwa huahirishwa vilevile. Kiingereza kimeugawa mzigo huo kwa maneno mengi, na ukishika lisilo lake, mtu atafika siku isiyo yake.

Mtego mkubwa kuliko yote uko kwenye "kusogeza mbele". Kwetu kikao kilichosogezwa mbele kitafanyika baadaye. Msomaji wa Kiingereza akikutana na "The meeting has been brought forward", anaelewa kinyume kabisa: kimewahishwa. Kikao kilikuwa Alhamisi, wewe ulikusudia Jumatatu inayofuata, naye anakuja Jumanne na kukuta mlango umefungwa. Kusogeza mbele kwetu ni "push back" kwao, japokuwa "back" ni nyuma. "Move forward" liepuke kabisa, maana hata waliozaliwa na lugha hiyo hawakubaliani: ukiwaambia kikao cha Jumatano ni "moved forward two days", baadhi watasema Ijumaa, wengine Jumatatu. Dawa ni kutaja siku zote mbili, ya zamani na mpya: "The meeting has been moved from Thursday 6 March to Monday 10 March."

Kwa barua na matangazo, tumia "postpone". Kwa mazungumzo, "put off". Makosa ya sarufi hapa hujirudia sana. Kitenzi kinachofuata huchukua "-ing": "We postponed signing the contract", si "postponed to sign". Kiwakilishi hukaa katikati, "put it off", kamwe si "put off it". Nomino inaweza kukaa katikati au mwishoni. Tena mechi haijiahirishi yenyewe: andika "The match has been postponed". Ukiidondosha "been", umepoteza ile "-w-" ya "imeahirishwa". Siku mpya hutanguliwa na "until" au "to", na urefu wa muda hutanguliwa na "by": "postponed until Friday", "postponed by two weeks".

"Delay" ni kuchelewesha au kuchelewa, na mara nyingi hakuna aliyepanga. Mechi iliyo "delayed by 30 minutes" bado inangojwa uwanjani. Iliyo "postponed", watu warudi nyumbani.

Kikao au kesi iliyokwisha kuanza ikasimamishwa ili iendelee baadaye ni "adjourned". Malipo na nafasi ya chuo hutumia "defer", na "r" huongezeka katika "deferred" na "deferring". Angalia tu kwamba "defer to" mtu ni kumwachia yeye uamuzi kwa heshima; hakuna kuahirisha hapo.

"Table" lina pande mbili. Uingereza, "to table a motion" ni kuileta hoja ijadiliwe; Marekani ni kuiweka kando. Kwenye kikao chenye watu wa pande zote mbili, usilitumie.

Misemo ni ya mazungumzo tu. "Can I take a rain check?" ni kukataa mwaliko kwa upole na kuomba siku nyingine, imetokana na besiboli ya Marekani, ambako mtazamaji alipewa tiketi ya kurudia mechi iliyoharibiwa na mvua. "Put on the back burner" ni kuuweka mradi kwenye jiko la nyuma: haujafutwa, lakini hauna haraka. "Let me sleep on it" huomba usiku mmoja wa kufikiri kabla ya kujibu.

Mwisho, angalia "call off". Linafanana na "put off" kwa sura, lakini maana yake ni kufuta. Ukiandika "The wedding has been called off" ilhali tarehe tu ndiyo imebadilika, wageni wataanza kutuma salamu za pole.