Kuchagua Viatu vya Kuteremkia Ufuko wa Mawe Ukiwa Safarini kwa Meli ya Kitalii

Sisi watu wa Moshi tuna imani moja kuhusu viatu ambayo hatuijadili: kiatu kilichofika Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, kinafika popote. Mimi nilisafiri na imani hiyo. Mwanangu anayeishi Italia alinialika safari ya siku saba kwa meli ya kitalii katika bahari ya Mediteranea, nami nikafungasha buti nzuri za mlimani, zile za kufika juu ya kifundo, zilizowekewa utando wa kuzuia maji. Meli ilitia nanga Villefranche-sur-Mer, tukateremshwa kwa boti ndogo, kisha tukapelekwa ufuko wa Nice, ambako hakuna mchanga bali mawe ya kijivu ya mviringo, mengine makubwa kama viazi mbatata. Wimbi la kwanza lililonifika liliingia kwa juu ya buti. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba utando unaozuia maji kuingia unayazuia vilevile kutoka. Nilitembea nikiwa nimebeba ndoo mbili miguuni, na buti zile zilichukua siku tatu kukauka ndani ya chumba cha meli kisichokuwa na dirisha la kufunguka.

Tangu hapo nimeulizwa jambo hili mara nyingi, hasa na wazazi wenzangu wanaoalikwa na watoto wao walioko nje, na jibu langu huwa lilelile: mlima unataka kiatu kisichoingiza maji, ufuko wa mawe unataka kiatu kinachoyatoa. Mengine yote yanafuata hapo, ingawa soli nayo ina mambo yake, nayo nitaieleza kwa kirefu zaidi.

Kabla ya kununua chochote, ulizia aina ya mawe. Kwenye meli huwa kuna dawati la kuandikisha matembezi ya nchi kavu, na mara nyingi maelezo ya kila tembezi hupatikana kwenye mtandao wiki kadhaa kabla ya safari, yakionyesha kama njia ni ya tambarare, ya ngazi au ya mawe. Mawe ya Nice ni laini na hayakati, ila yanabingirika chini ya mguu na kukutegua kifundo. Fukwe za Perissa na Kamari kule Santorini, Ugiriki, zina mchanga na kokoto nyeusi zilizotokana na volkano, na weusi huo hunyonya jua hadi ikifika adhuhuri mtu hawezi kusimama pekupeku. Pwani za Kroatia zina miamba ya chokaa yenye ncha, na ndani ya maji yake wamo wale wanyama wa mviringo wenye miiba kama nungunungu. Msafiri ambaye meli yake inapita Zanzibar atakutana na mwamba wa matumbawe ya kale, ambao ukiutazama kwa mbali unaonekana kama sakafu, lakini ukiukanyaga unagundua kuwa ni kikwaruzio cha nazi. Kwa mawe yanayobingirika, tafuta kiatu kinachoshika kisigino. Kwa mawe ya moto na yenye ncha, unene wa soli ndio unaotangulia. Kwenye miiba, utahitaji vyote viwili pamoja na ncha ya kiatu iliyofunikwa.

Sasa soli. Wauzaji wengi watakuonyesha kashata zake, yaani yale meno ya chini, na kukuambia kwamba kadiri yalivyo marefu ndivyo kiatu kinavyoshika. Kwenye tope la njia ya Machame ya kupandia Kilimanjaro maneno hayo ni kweli, kwa sababu meno yanazama. Kwenye jiwe lenye utelezi hayana pa kuzama, na kinachoshika ni mpira wenyewe pamoja na eneo lake linalogusa jiwe. Soli ngumu yenye meno marefu machache inakanyaga jiwe kwa ncha tu, halafu inateleza. Soli ya mpira laini, yenye vijifereji vyembamba vingi vya kusukuma maji pembeni, inalishika. Ili kuujua ulaini, kandamiza soli kwa ukucha wa kidole gumba: ukucha ukiacha alama inayopotea polepole, mpira huo unafaa, usipoacha alama yoyote, kirudishe kiatu mahali pake. Kisha mwombe muuzaji maji kidogo, uyamwage kwenye kigae au saruji iliyosuguliwa, uvae kiatu hicho na kujaribu kusukuma mguu mbele. Nilipofanya hivyo soko la Kiboriloni, kijana mwenye meza ya mitumba alinitazama kwa huruma na kusema, "Mama, hicho ni cha mzungu, hakina shida." Nikamjibu, "Mwanangu, mzungu mwenyewe alikitupa, ngoja tujue kwa nini." Kiatu kilikwenda kama sabuni. Tukacheka wote, naye akaanza kunisaidia kumwaga maji kwenye viatu vingine.

Unene wa soli usipungue unene wa kidole chako kidogo sehemu ya mbele, maana vile viatu vya maji vya kitambaa cha mpira, vinavyovaliwa kama soksi, vingi vina soli nyembamba ya kuogelea tu, na kila kokoto utaihisi kama umekanyaga kwa unyayo mtupu. Visikuvutie kwa wepesi wake peke yake. Kwa upande mwingine, soli ikiwa nene mno na ngumu isiyopinda, mguu hauwezi kufuata umbo la jiwe. Shika kiatu kwa mikono miwili, kikunje: kinapaswa kupinda pale vidole vinapoanzia na kukataa kupinda katikati.

Jaribio la maji ni rahisi na unaweza kulifanyia nyumbani. Chovya kiatu ndani ya ndoo hadi kijae, kinyanyue, uhesabu polepole. Kiatu kizuri, chenye matundu ya pembeni karibu na soli au kitambaa cha wavu, huwa kimemwaga karibu maji yote kabla hujafika kumi. Angalia pia kitako cha ndani, kile kipande cha sponji kinachokaa chini ya unyayo: kama kinatoka, maji yataingia chini yake na kukifanya kijikunje ukiwa katikati ya mawe, hivyo kibandike kwa gundi isiyoogopa maji au ukiondoe kabisa. Wavu nao uwe wa matundu madogo, kwani matundu makubwa huingiza kokoto, na kokoto moja chini ya kisigino inatosha kukuharibia matembezi ya saa mbili.

Ndala sina haja ya kuzieleza sana. Ni za bafuni na za pembeni mwa bwawa la meli; kwenye mawe, mguu unateleza juu yake, yenyewe inageuka, na wimbi likirudi linaichukua. Yeboyebo zina nafuu kwa sababu zimefunika vidole na zina mkanda wa nyuma, na maji hutoka humo bila shida, ila ule mpira wake wa povu unateleza vibaya kwenye jiwe lililolowa, na mwiba wa baharini unaupenya kama sindano kwenye keki. Ajabu ni kwamba katambuga za matairi, zile wanazovaa ndugu zetu Wamaasai na zinazouzwa Arusha na Moshi hadi kwa watalii, zina soli isiyopenywa na mwiba wala jiwe. Kasoro yake ni kwamba vidole viko wazi, misumari yake hushika kutu kwa chumvi, na fundi akikatia tairi lenye kipara utateleza kama gari lenyewe lilivyokuwa likiteleza. Buti na viatu vya ngozi, hata vile imara vinavyotengenezwa hapa kwetu kiwandani Karanga, viache kwa kazi zake: ngozi ikilowa maji ya chumvi na kukauka hukakamaa na kupasuka.

Kinachobaki ni raba nyepesi ya wavu, au sandali ya kutembelea yenye ncha iliyofungwa na mikanda inayokazwa sehemu tatu: juu ya vidole, juu ya mguu na nyuma ya kisigino. Mimi huchagua ya pili. Kwa vipimo, usifuate ile kanuni ya kuacha nafasi ya kidole mbele kama ufanyavyo kwa kiatu cha kuteremkia mlima. Kiatu kikilowa hulegea, na mguu unaogelea ndani yake. Kwa hiyo kiwe kimekaza kidogo kikiwa kikavu, bila kubana vidole. Jaribu jioni, baada ya kutwa nzima ya kutembea, kwa sababu mguu huvimba, na joto la safari litauvimbisha vivyo hivyo. Simama, nyanyua kisigino: kikipanda na kiatu kikabaki chini, hicho si chako. Soksi nyembamba ya nailoni, si ya pamba, husaidia kuzuia malengelenge, kwani mchanga ukichanganyika na maji ndani ya kiatu husugua ngozi kama msasa.

Wanaonunua mitumba, Kiboriloni na Memorial hapa Moshi au Kilombero kule Arusha, wana jambo moja zaidi la kuchunguza. Baadhi ya soli, hasa zile zenye tabaka la povu katikati, huzeeka ndani kwa unyevunyevu hata kama kiatu hakikuvaliwa, na siku ya kwanza ya kuzitumia hukatika vipande kama mkate mkavu. Bonyeza pembeni mwa kisigino kwa nguvu; ukiona nyufa au unga, achana nacho. Kikiwa kizima, mpelekee fundi viatu akishone soli kwa kuizungusha uzi wa nailoni, usitegemee gundi pekee. Sandali zangu zilinigharimu shilingi 18,000 mezani na 3,000 kwa fundi, na uzi ule haujafumuka hadi leo.

Kwa mwenye kisukari, maelezo haya si ya starehe. Ugonjwa huo unaweza kuua hisia za nyayo, na mtu akaungua kwenye kokoto za moto au kukatwa na jiwe bila kujua hadi aone damu. Mzee wa namna hiyo asitembee pekupeku hata hatua kumi kutoka kwenye taulo hadi majini. Avae kiatu kilichofunika vidole kabisa, aingize mkono ndani kabla ya kukivaa ili kutoa kokoto, na jioni mtu mwingine amkague nyayo na katikati ya vidole. Sandali yangu ya mikanda simshauri.

Usikizindue kiatu kipya huko ugenini. Kivae siku mbili tatu nyumbani, kisha kipeleke penye mawe na maji ya kweli. Sisi tumebahatika, kwa kuwa mtu akienda maporomoko ya Materuni, au kwenye mawe ya mto Karanga maji yakiwa machache, atapata utelezi uleule wa ukungu wa kijani atakaoukuta baharini, tena bila chumvi. Nenda na mwenzako. Mahali kiatu kinapokuumiza huko ndipo kitakapokuumiza mara mbili ufukweni.

Siku ya matembezi, kivae tangu chumbani. Wakati wa kuvuka kutoka melini kwenda kwenye boti, ngazi huwa imelowa na boti inapanda na kushuka na mawimbi, na hapo ndipo wengi wenye ndala mkononi huyumba. Ukifika, piga hatua fupi, na ukwepe mawe yenye kijani au weusi unaong'aa. Kama ni pwani yetu, ulizia saa za kupwa na kujaa, kwani wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, tofauti yake Zanzibar hufikia kiasi cha mita nne, na mwamba ulioufikia kwa miguu mikavu unaweza kukutaka urudi ukiogelea. Penye mchanga katikati ya mawe, kokota miguu badala ya kuinyanyua, ili samaki aina ya taa aliyejifukia apate kukimbia kabla hujamkanyaga.

Ikitokea mwiba umekuchoma hata hivyo, usiuminye wala kuuponda kwa jiwe. Toa kwa kibano kile kinachoonekana, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia bila kuungua, ukae humo nusu saa au zaidi mpaka maumivu yapungue, kisha ukamwone mhudumu wa afya wa melini, naye atakuuliza kuhusu chanjo ya pepopunda. Matibabu ya melini hulipiwa, na si kwa bei ya zahanati ya kata.

Ukirudi chumbani, suuza viatu kwa maji baridi yasiyo na chumvi ukiwa bafuni, vikung'ute, uvisokomeze magazeti ndani na kuyabadilisha baada ya saa chache, kisha uvitundike mahali penye upepo. Usiviweke juani wala usivipulizie mashine ya kukausha nywele, maana joto hulegeza gundi. Anza kazi hiyo angalau siku mbili kabla ya kufungasha, la sivyo utashuka uwanja wa ndege wa KIA na sanduku lenye harufu ya dagaa, na ndugu waliokuja kukupokea watajua kabla hujafungua mdomo kwamba ulifika baharini.